Safu ya Simu

Tamarack Ridge, Oregon
19 Septemba

Kwa Kaka Vernon,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Marlys. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo kwa Shangazi Lorna, na kwamba kikohozi cha moshi kimepungua. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umejaa hofu. Nimefunga mlango wa jikoni kwa ufunguo ingawa niko peke yangu. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na hata ungepokea, ulimi ungenigandia.

Kwanza habari za Baba. Daktari anasema Alhamisi watajaribu kumtoa ule mpira wa kupumulia. Jana aliandika jina lako kwenye kibao, na mbele yake alama ya kuuliza. Nilimwambia uko njiani. Niliona aibu, maana najua umeapa kutoingia wodi ile.

Sababu naijua. Unamwambia kila mtu kwamba ulitoka zamu ya usiku kiwanda cha mbao, ukalala mchana simu ikiwa kifuani, kaunti ikapiga kuonya moto, nawe ukakoroma tu mpaka king'ora cha polisi wa sherifu kilipokuamsha na chumba cha Baba kimeshajaa moshi. Shangazi ameniambia wenzako wa kiwandani walikutania eti watakuchangia kengele ya kanisa uifunge sikioni, nawe ukaacha chakula ukatoka nje. Nililia niliposikia.

Sasa nikueleze ya ofisini kwetu kaunti. Unakumbuka mwezi Aprili nilipewa kazi ya kutengeneza orodha ya kompyuta ya kuwapigia watu simu kuwaonya moto ukija, ukawa unaniita Mama Kengele. Orodha kama ile ni jedwali, na kila safu lazima uiambie mapema itabeba nini: maandishi, tarehe, ndiyo au hapana, namba yenye desimali, au namba nzima. Ukishaiambia, inashika hilo hilo, hata kama umekosea.

Siku ya moto, saa nane mchana, nilibonyeza kitufe cha kuonya. Kioo kikaonyesha simu zimetumwa kwa nyumba zote 3,112. Nikamwambia sherifu watu wameshaonywa, naye akapeleka magari yake yote kufunga barabara badala ya kugonga milango. Dakika arobaini zikapita hivyo, mlima wote umekuwa mwekundu dirishani.

Ndipo simu ya mezani ikalia. Alikuwa bibi mmoja wa Dallas, huko Texas, anaitwa Odessa Pickett. Akaniambia, “Mwanangu, hii ni mara ya kumi na tisa mashine yenu inaniambia nikimbie moto. Mimi hapa namwagilia nyanya zangu. Sasa hao wenye moto wao, nani amewaambia?”

Nilifungua orodha, nikaona kila nyumba, ya mchungaji, ya shule, yetu, ina namba ile ile moja. Nilikimbia kwenye ngazi mpaka kwa sherifu nikipiga kelele, ndipo magari yakaanza kupita na ving'ora. Hakufa mtu. Lakini mapafu ya Baba unayajua.

Namba nzima kwenye mashine ile ina dari yake, bilioni mbili na ushei. Namba zetu huku zinaanza na tano, zinapita bilioni tano. Mashine haikugoma. Kila namba iliyozidi iliibana darini, ikaandika ile kubwa kuliko zote inayoweza kuibeba, na hiyo ikatokea kuwa simu ya yule bibi. Namba ya simu hujumlishi wala hugawanyi, ilipaswa kuwa maandishi. Hilo hata mwanafunzi analijua.

Kaka, aliyechagua namba nzima kwa safu ya simu ni mimi. Bwana Haugen, mkuu wangu wa kazi, aliniuliza kama nimejaribu, nikasema ndiyo. Nilijaribu kwa simu za ndani za ofisi tu, zenye tarakimu nne. Baada ya moto nikarekebisha safu kimyakimya, na watu wakaamini mnara wa simu uliungua baada ya simu chache kupita, nawe ukaamini yako ilikuwa kati ya hizo. Nimekuacha ubebe mzigo wangu wiki tano, kwa woga. Njia ya mwongo fupi: Jumatatu nitasimama mbele ya kamati ya kaunti inayochunguza moto niseme yote. Naogopa kufukuzwa, naogopa majirani, lakini wewe nakuogopa kuliko wote.

Nimeambatisha karatasi za simu zote zilizopigwa siku ile. Tafuta namba yako. Haimo. Hukukosa kusikia, Vernon. Simu yako haikulia.

Nisalimie Shangazi Lorna, umwambie blanketi zake zimefika. Baba yuko ghorofa ya pili, chumba cha kumi na nne. Alhamisi, kama hutaki kuniona, nitabaki garini mpaka utoke.

Ni mimi mdogo wako,
Marlys