Kofia ya Mjomba

Nachingwea, 5 Agosti 1951

Dada Mwantumu, shikamoo. Mimi mzima hapa kiwanja cha ndege, vumbi tu linatukohoza. Nyonga yako je?

Posa ya Hajira imenifurahisha mno. Lakini ruhusa sikupata. Bwana mkubwa anasema Nandagala ni mbali, nitachelewa kurudi kazini. Nimempa dereva wa lori kofia yangu. Wageni wakija, iweke mkekani, waambie mjomba amekubali.

Dada, ungeziona ndege hizi! Jana kashuka Mzungu, majuzi tu alikuwa kwao London.

Mdogo wako, Saburi

Nandagala, 19 Agosti 1951

Mdogo wangu, marahaba. Nyonga inauma, na leo moyo unauma zaidi. Mwalimu ananiandikia, nimemwambia asipunguze neno.

Kofia! Watu wametoka Mandawa kwa miguu, wamekaa, wanauliza, "Mjomba yuko wapi?" Nikawaonyesha kofia. Wakatazamana. Unajua kwetu siku hiyo baba hukaa pembeni. Anayeulizwa na kujibu ni mjomba. Kofia ijibu nini? Wamekula wali wangu, wamekwenda zao.

Halafu unanisimulia London! Mzungu avuke bahari yote ile aje kwenu, wewe kulala njiani Ruangwa, kesho yake ufike kwa dada yako, ndiyo mbali? Huna haya, Saburi? Watarudi mwezi ukiandama. Wakikuta kofia tena, Hajira hana ndoa.

Dada yako, Mwantumu

Nachingwea, 10 Septemba 1951

Dada, shikamoo. Nyonga ikande kwa maji moto. Barua yako nimeipata jana.

Nimechemka kwa hasira! Bwana mkubwa alipanda ndege, tukadhani kafiwa. Kumbe kaenda London, harusi ya binti wa dada yake! Karudi, anatugawia biskuti. Nikamwuliza mbele ya wenzangu, "London karibu, Nandagala mbali? Mtoto wa dada yako ni mtu, wa dada yangu ni mbuzi?" Akanifukuza papo hapo. Afadhali!

Lori linaondoka sasa, limejaa mifuko, barua itangulie. Wakinirudishia kipande changu cha kazi tu, nakuja kujibu kwa kinywa changu.

Mdogo wako, Saburi

Nandagala, 13 Septemba 1951

Saburi, marahaba. Nyonga imetulia. Dereva ananingoja, nitasema upesi.

Mwezi uliandama, wakarudi. Nilisimama njiani nikikutazamia mpaka wao wakaingia uani. Nikamwita jirani yetu Swalehe, nikamkalisha mkekani. Wakamwuliza, "Wewe ndiye mjomba?" Akasema, "Ndiye mimi." Akajibu yote vizuri. Hajira ni mke wa mtu sasa, yuko Mandawa.

Wakwe nimewaambia nina ndugu mmoja tu, Swalehe. Hajira akizaa, akigombana na mumewe, ataitwa huyo. Maneno yale uliyomwambia bwana mkubwa wako ungeyasema siku ile ya kwanza alipokunyima ruhusa, angeitwa Saburi. Mbona kinywa ulikuwa nacho?

Ukija, nitakupikia. Ila ukiwakuta wakwe, sema wewe ni mpita njia, umeomba maji.

Mama Hajira