Mvivu wa Chumba cha Majaribio

Dada yangu mpendwa,

Ofisini wanadhani mimi ni mvivu, na mimi nimewaacha wadhani hivyo. Hilo sijamwambia mtu mwingine yeyote, si Mama, si Baba, si hao wenyewe wanaoniita mvivu. Nakuandikia wewe kwa sababu likikaa moyoni litanipalia, na kwa sababu wewe ndiye utakayeelewa bila kunicheka. Au utanicheka, lakini kwa upole.

Ngoja kwanza nikusalimie, nisije nikaonekana nimevua adabu pamoja na sare ya shule. Hujambo? Mtoto hajambo? Shemeji je, bado anampakata kana kwamba amebeba trei ya mayai? Mama aliisoma barua yako kwa sauti, na alipofika pale ulipoandika kwamba mtoto amekuchekea, akasema hicho si kicheko, ni tumbo limejaa hewa. Halafu akaikunja na kuiweka chini ya mto wake. Sisi huku tu wazima. Goti la Baba limepungua kuuma, ila hataki kukubali, maana akikubali atatumwa tena juu ya paa kuziba panapovuja. Mimi ni mzima pia, na nina habari njema, lakini sharti uipokee pamoja na mkia wake.

Ile kazi niliyopata baada ya mitihani sikuwahi kukueleza vizuri. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la viatu, kwa hiyo kunanuka ngozi mpya na waya ulioungua. Wanabuni prosesa. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, kijidude chembamba kama biskuti. Kampuni kubwa hubuni za kompyuta mpya. Hawa wetu wanabuni za zile kuukuu zinazokaa nyuma ya kaunta za maduka na kwenye maktaba za shule, zinazochemka na kuunguruma kama mashine ya kusaga. Unang'oa ubongo wa zamani, unapachika wetu palepale, na kompyuta inaendelea na maisha yake bila kula umeme mwingi wala kuhitaji feni. Na bei lazima iwe ndogo, la sivyo mtu ataona heri aitupe yote.

Mkubwa wetu anaitwa Mzee Wati, ingawa hana mvi hata moja. Wamempa jina hilo la kipimo cha umeme kwa sababu hawezi kupita penye taa inayowaka bure. Ukisahau taa ya chooni, atakuuliza kwa sauti inayofika hadi dukani chini kwamba umemwachia nani, mende? Si mkali, Dada. Ni sauti tu aliyojaliwa na Mungu. Lakini unanijua mimi. Akikohoa yeye, naomba radhi mimi.

Yupo pia mhandisi mmoja, mama wa makamo, ambaye wote wanamwita Mama Usingizi, na jina hilo analipenda. Yeye ndiye aliyebuni sehemu ya prosesa inayoilaza. Siku yangu ya kwanza alinivutia kiti akanieleza kwamba kati ya herufi moja na nyingine unazoandika, kompyuta haina kazi, inangoja kidole tu. Prosesa za zamani zilikuwa zinangoja zimesimama wima, macho makavu, zinakula umeme. Ya kwake inalala hapohapo katikati ya herufi mbili, na ukigusa inaamka kabla hujajua kwamba ilikuwa imelala. Ukiiacha muda mrefu zaidi, inashuka kwenye usingizi mzito zaidi, ngazi kwa ngazi. Alisema ni kama mama mwenye mtoto mchanga: anasinzia, lakini mtoto akipiga chafya tu, yuko macho. Nikakukumbuka wewe. Ameihangaikia kazi hiyo tangu mtoto wake wa mwisho anaanza shule, na mtoto huyo sasa ana ndevu.

Kazi yangu ilikuwa kuzitumia prosesa hizo, basi. Kiwanda cha mbali kilituletea prosesa chache za mfano. Fundi mmoja tunayemwita Lehemu, kijana ambaye mdomo wake haujui kufunga, akazipachika kwenye kompyuta za zamani zilizonunuliwa mashuleni. Mimi nakaa mbele ya moja, naandika barua za kubuni, nafungua picha, najumlisha hesabu, kama mtumiaji wa kawaida. Nikimaliza, niende kwa Mzee Wati aniambie cha kufuata. Walinichukua kwa muda kwanza, waone kama nafaa.

Hapo penye kwenda kwa Mzee Wati ndipo palipozaliwa kisa chote.

Nilikuwa namaliza mapema. Vidole vyangu vina mbio kuliko ulimi, unajua. Lakini nikishamaliza nilitakiwa kusimama, kuvuka chumba kizima, na kumkatiza mtu mwenye sauti ile mbele ya watu. Kwa hiyo nikawa nafanya ulivyonifundisha zamani ulipochoka kunisemea dukani: nitunge sentensi yangu kwanza, niirudierudie kimoyomoyo mpaka iwe laini, ndipo niitoe. Nilikaa mikono mapajani nikijisemea, samahani Mzee, nimemaliza, nifanye nini sasa? Halafu naona hiyo "Mzee" huenda haipendi, naanza upya na "Mkuu". Halafu naona nimeanza na samahani kana kwamba nimevunja kitu. Naanza tena. Na nikiwa bado natafuta ujasiri, kompyuta inazima yenyewe. Kioo cheusi tititi.

Mara ya kwanza walikuja wote wakanizunguka. Mzee Wati akaniuliza nilikuwa nafanya nini ilipozima. Nikasema naandika.

Neno moja tu, Dada, tena lilitoka lenyewe. Ningesema nini? Kwamba wananilipa nikae?

Neno hilo liliwafanyisha kazi watu wazima. Walisema kama imezima mtu akiwa anaandika, basi inashindwa kuamka kati ya herufi na herufi, na kosa liko kwenye usingizi. Mama Usingizi akafukua michoro yake yote upya. Lehemu akachomelea upya kila kiungo huku akimlaumu aliyebuni waya. Wakaweka programu inayoandika yenyewe kutwa nzima kwenye kompyuta yangu. Haikuzima hata mara moja. Wakanirudishia mimi, ikazima. Kila aliyekuja kuitazama alianza kwa kutikisa kipanya, nayo inakaa macho kodo, kama mtoto anayeacha kulia mgeni akiingia. Lehemu alitangaza kwamba nina mkono wa kuua, akahamisha kikombe chake cha chai mbali na mimi.

Nilitaka kusema ukweli ilipozima tena. Lakini uongo ni kama mgeni, ukishampikia chai unaona haya kumwambia aondoke. Nikaulizwa tena, nikajibu vilevile. Usiku sikulala vizuri. Mama akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana, nao ukawa uongo mwingine.

Ijumaa Mzee Wati akatuita kikao. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ndogo, na hiyo ilinitisha kuliko ile kubwa. Alisema muundo lazima urudi kiwandani zichongwe nyingi za kuuza, na kiwandani hakuna ufutio, kikishachongwa kimechongwa. Hawezi kumuuzia mwalimu au mwenye duka kitu kinachokufa bila sababu. Wameijaribu bila usingizi, haizimi, kwa hiyo sehemu ya usingizi itolewe yote. Feni zirudi, bei ipande kidogo, Mungu atusaidie. Halafu akamgeukia Mama Usingizi akamwomba radhi. Mama Usingizi akamwambia hakuna neno, ndiyo kazi. Akavua miwani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Hakulia wala hakulalamika. Angelalamika, pengine ningenyamaza.

Sikuwa na sentensi ya mazoezi. Nilisikia tu sauti yangu ikisema kwamba sikuwa naandika.

Shingo zote ziligeuka. Mzee Wati akauliza, hukuwa unaandika lini? Nikasema siku zote ilipozima. Akauliza basi nilikuwa nafanya nini. Nikasema nimekaa. Akauliza nimekaa nafanya nini. Nikasema nimekaa tu. Lehemu hakuweza kujizuia, akasema jamani, kumbe tumefukua dunia nzima na binti alikuwa anapunga hewa! Wengine wakacheka. Mzee Wati hakucheka. Aliinama mezani akaniuliza, polepole kabisa, mikono yangu ilikuwa wapi. Nikamwonyesha. Mapajani.

Mama Usingizi alikuwa ameshasimama.

Tukaenda wote kwenye meza yangu, wakaiwasha, wakaandika mistari miwili, kisha Mzee Wati akaamuru mtu yeyote asiiguse. Ungewaona, Dada! Wahandisi wazima wamejipanga mstari, mikono nyuma kama watoto wanaokaguliwa kucha, wanaitazama kompyuta isiyofanya kitu. Lehemu akanong'ona kwamba pua inamwasha. Mzee Wati akamwambia akipiga chafya atahamia kwenye viatu. Tukangoja. Nilimwomba Mungu izime, mimi niliyekuwa naomba isizime.

Ikazima.

Hujawahi kuona watu wakishangilia kifo namna ile. Mama Usingizi hakushangilia, aliinua kidole tunyamaze. Alikuwa amesikia kitu nyuma ya kompyuta, mlio mdogo kama wa kufuli. Ulitoka kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme. Akaanza kucheka peke yake, akakaa chini sakafuni na sketi yake nzuri, akacheka mpaka akafuta macho. Maboksi yale ya zamani, alieleza, yalitengenezwa kwa ajili ya prosesa walafi. Prosesa yake ikifika ngazi ya mwisho ya usingizi inakula kidogo mno, na boksi likiona hakuna anayekula, linadhani watu wameondoka, linafunga jiko. Kosa halikuwa la usingizi hata kidogo. Mezani kwao wahandisi walikuwa wanaijaribu kwa boksi jipya, lisilo na tabia hiyo, kwa sababu ya zamani yana vumbi na yanapiga kelele. Na kwa kuwa Mzee Wati anazima kila kitu kisichotumika, hakuna kompyuta iliyowahi kuachwa peke yake ikiwaka humo ofisini. Isipokuwa yangu.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Mama Usingizi aliandika agizo ambalo kompyuta inalisoma inapowashwa, kwamba kwenye mashine kuukuu usishuke ngazi ile ya mwisho, ishia ya kabla yake. Muundo haukuguswa. Tukaiwasha, tukaiacha, tukaenda kula. Tuliporudi ilikuwa inatungoja, imepoa hadi ukiigusa huwezi kujua inafanya kazi, na bila feni chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu dukani chini akijaribu viatu. Mama Usingizi alinikumbatia. Alinukia lehemu. Nilihisi kama nimetua gunia nililosahau kwamba nimelibeba.

Bila kufanya mazoezi nikamwendea Mzee Wati nikamwambia nimemaliza, nifanye nini sasa. Akasema, kwa sauti yake ileile, nenda nyumbani ukalale, wewe unajua kulala kuliko prosesa! Basi. Kumbe jibu lenyewe ndilo hilo tu, na mimi nililiogopa siku zote zile. Jumatatu akaniambia nimeajiriwa. Kazi yangu mpya ni kuziacha kompyuta ziwake bila kuzigusa na kuandika zinachofanya, na kila mtu ananiita Mvivu Wetu. Lehemu amerudisha kikombe chake karibu na mimi. Anasema kimya kingi kina mshindo mkuu, halafu ananiuliza kama nimechoka kukaa.

Sasa Dada, hakuna aliyeniuliza kwa nini nilikuwa nakaa. Uvivu umewatosha. Nikiwaambia kwamba nilikuwa naogopa sauti ya Mzee Wati, yule mtu ataumia, kwa sababu ni mwema, na kuanzia hapo ataanza kunong'ona nami kama mgonjwa. Afadhali niwe mvivu, naye aendelee kufoka kuhusu mende wa chooni. Siku moja nitamwambia mwenyewe.

Msalimie Shemeji. Mshike mtoto shavu lile linalobonyea, mwambie mama yake mdogo anakuja kumwona akipata likizo, na kwamba nitamletea kitu kisichotoa sauti, kwa ajili yako. Baba anakusalimu, na goti lake pia. Mama anasema usiache kula.

Na haya niliyokuandikia yafiche, tafadhali, hasa Mama asiyajue. Nimemwambia nimeajiriwa tu. Akisikia kwamba kuna watu wanamwita binti yake mvivu, atavaa viatu vyake vya kutokea, apande ngazi zile zote, na kuwauliza ni nani aliyefua mashuka ya nyumba hii tangu wewe ulipoolewa. Na sauti ya Mama, unaijua. Mzee Wati hataiweza.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
asiye mvivu