Makaa Hachinjwi

Jumapili, 6 Oktoba 1996

Daftari, niwie radhi. Tangu Pasaka sijakufungua. Njoroge anaota meno, Wanjiku alikuwa na kikohozi, na mimi nikikaa chini tu nasinzia. Sababu ni hiyo, sina nyingine.

Leo nimefua nepi, nimeanika, mvua ikaja, nimeanua, nimeanika tena. Ruiru yote ni matope. Mume wangu Mwangi amerudi kiwandani Thika, tutamwona Jumamosi.

Na sasa tuna nguruwe ndani ya nyumba. Sioni njia nzuri ya kuliandika.

Ijumaa nilienda Kahawa Sukari kumfulia yule mama mzungu wa chuoni mara ya mwisho. Wanahama, wanarudi kwao. Alikuwa na nguruwe wa ajabu, mweusi, miguu mifupi, tumbo linagusa chini, analala kwenye zulia kama mbwa. Alizaa. Watoto wamepata wa kuwachukua, isipokuwa mmoja anayechechemea. Mume wa huyo mama alimwambia mlinzi ammalize. Nilikuta mlinzi amemweka kwenye katoni na anatafuta nyundo. Nikasema ngoja. Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa nimechoka, mtoto mgongoni. Nikamtia kwenye beseni, nikamfunika taulo, nikaja naye.

Yule mama alishaniambia hawa hawakui wakawa wakubwa. Ni wa kukaa nao tu. Nilimwambia Mwangi hivyo hivyo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nguruwe wa kukaa naye. Mama Wanjiku, hiyo umeitoa wapi?"

Wanjiku amemwita Makaa, kwa weusi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Silali. Njoroge akinyamaza, Makaa anaanza. Nampa maziwa kwa chupa ya zamani ya Wanjiku. Anavuta kwa nguvu, naogopa atameza ile chuchu. Halafu analala palepale, shingo juu ya mguu wangu. Katika nyumba hii ni yeye tu ambaye akishiba haniombi kitu kingine.

Nampenda. Hilo siwezi kumwambia mtu.

Jumatano, 16 Oktoba

Watu wa ploti hii, wapangaji wenzangu wa ua mmoja, ni wazuri kuliko nilivyodhani. Tulihamia Februari na nilikuwa nawaogopa kidogo. Sasa wananiletea maganda ya viazi, ukoko wa ugali, maji ya maharagwe. Mama Kevo, jirani wa ukuta mmoja, ndiye anayebaki na Njoroge nikienda kufua nguo za watu. Yeye huleta ndoo nzima kila jioni. Nampokea, nasema asante, Mungu akubariki. Hata Baba Shiru fundi viatu, ambaye huwa hanisalimii, ameleta.

Nimejisikia nina watu.

Jumapili, 27 Oktoba

Sijui niandikeje hii.

Tulikuwa kwenye kamba ya nguo, mimi na Mama Kevo. Akaniambia, "Huyo mnyama usimnyime chumvi. Mguu wangu wa nyuma nautaka na mafuta." Nikacheka. Baba Shiru akaitikia kutoka mlangoni kwake, sindano mdomoni: "Na mbavu zangu zisiguswe. Mke wangu anajua atazipikaje."

Sikucheka tena.

Kumbe hapa mambo huenda hivyo. Anayefuga nguruwe akipokea maganda yako, amekupa kipande. Ukileta kila siku unapata kipande kizuri. Krismasi anachinjwa na kila mtu anabeba chake. Hakuna anayeuliza. Kupokea ndiyo kukubali. Wote walijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nafikiri ni upendo.

Na mimi nimepokea siku zote hizo huku nikiwaombea baraka.

Jumamosi, 2 Novemba

Mwangi alijua. Ameniambia akila, bila hata kuacha kijiko. Yeye na Baba Shiru ndio waliomgawa Makaa vipande, wakinywa chai, ile wikendi ya kwanza. Kichwa ni chetu.

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

Nimemwambia Makaa si wa kuchinjwa. Akaniangalia kama ninaumwa. Akasema majirani wameshapanga, yeye hawezi kwenda kuwaambia ati mke wake anamwonea nguruwe huruma. Mtu akitaka huruma anafuga paka.

Nina hasira naye. Nimemfulia shati la kazi hata hivyo, na kola sikuisugua.

Alhamisi, 14 Novemba

Makaa hakui. Ameongezeka tumbo tu, sasa linaburura. Mama Kevo amekuja na uzi wa kushonea, amempima kiunoni, akanitazama. Anasema nafuga minyoo, au napeleka maganda yao kwingine. Nikasema niliwaeleza tangu mwanzo, hawa ni wafupi. Akasema, "Mimi nimezaliwa Gatundu. Nguruwe unanifundisha wewe?"

Jioni alipoleta ndoo sikuipokea. Nilimwambia kwa adabu: Mama Kevo, kuanzia leo sipokei tena, kwa sababu simchinji. Ameondoka na ndoo yake imejaa, ploti nzima ikimwona.

Makaa nikampa maganda ya kwetu, machache.

Jumapili, 24 Novemba

Wiki mbaya. Njoroge hana wa kubaki naye. Nikitoka nje maongezi yanakatika. Kwenye mfereji wa maji ndoo yangu inasogezwa nyuma ya foleni, na hakuna aliyeisogeza. Jumanne na Jumatano sikwenda kazini.

Ijumaa Mama Zuhura alinibishia mlango. Yeye ni Muislamu, anakaa nyumba ya mwisho, anauza mahamri. Tangu Makaa aje nilikuwa namkwepa kwa aibu. Nilidhani amekuja kulalamika, na angekuwa na haki.

Akasema, "Lete mtoto."

Nikamvuta Makaa nyuma ya mlango.

"Mimi sikutoa ganda hata moja, mama. Kwa huyo mnyama sina langu, kwa hivyo sina ugomvi. Wewe ukirudi osha mikono yako vizuri, na yeye asije upande wangu. Basi. Nipe mtoto, mafuta yangu yanaungua."

Nimeenda kazini. Nimelia njiani kidogo, nikaacha.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimewaza wakati nafua. Huwa nawaza vizuri mikono ikiwa majini. Wale watu walitoa maganda kweli. Siwezi kusema hawakutoa. Pesa sina. Nyama sina. Ninachojua ni kufua.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia nitawafulia blanketi zote za nyumba kabla ya sikukuu, na kila mmoja aniachie kipande chake. Wengine wamenicheka mbele yangu. Baba Shiru amekuna kichwa. "Kwa hivyo mbavu zangu zinageuka blanketi." Nikasema ndiyo. Akasema za kwake ni nne na moja watoto wamekojolea. Nikasema hata hiyo.

Mama Kevo hakufungua mlango. Alijibu akiwa ndani: "Blanketi haliliwi."

Jumanne, 10 Desemba

Leo nimekomboa miguu miwili ya mbele na shingo. Mgongo wangu si wangu. Vidole vimepasuka, sabuni inaingia, nauma meno. Wanjiku anakanyaga blanketi kwenye beseni akiimba, ndiye amefurahi peke yake. Makaa anakunywa maji ya sabuni, namfukuza, anarudi.

Sijui kama nina akili timamu. Mwanamke mzima, watoto wawili, anafua ploti nzima kwa ajili ya nguruwe kiwete.

Lakini nikimwangalia siwezi kufikiria lingine.

Jumamosi, 14 Desemba

Mwangi amefika akanikuta nimeinama kwenye beseni. Alikaa mlangoni muda mrefu. Halafu akavua koti, akashika upande wa pili wa blanketi tukalikamua pamoja. Wanaume walikuwa wanatazama. Baba Shiru akamwuliza kama siku hizi kazi yake ni hiyo. Mwangi akajibu, "Nakomboa kichwa changu."

Baadaye ndani akaniambia ndugu ya Mama Kevo anafanya kazi buchani, anakuja na kamba Jumamosi ijayo. Anataka mguu wake, wengine wakitaka au wasitake. Nikamuuliza, mguu mmoja utachinjwaje? Akasema ndiyo maana ya kamba, atachinjwa mzima.

Jumatano, 18 Desemba

Nimemwendea Mama Kevo mwenyewe. Sikuomba. Nilimwambia, ulinitunzia mtoto na sitasahau. Ulitoa ndoo na nitakulipa. Lakini Makaa hachinjwi, na huyo ndugu yako akija atanikuta nimemkalia.

Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Krismasi iliyopita tulikula maharagwe hapa. Watoto waliuliza nyama iko wapi. Nilikuwa nimewaambia mwaka huu." Hakuinua macho.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimerudi nyumbani na hasira yangu imeisha, na ningependa ingebaki, ingekuwa rahisi.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimeondoka na watoto na Makaa kwenye pikapu ya muuza nyasi, kabla ile kamba ya kesho haijafika. Tuko kwa mama yangu, nje kidogo ya Thika. Mama amemwangalia Makaa, akaniangalia mimi. Amesema jikoni kwake haingii. Nimekubali.

Nimemwomba jogoo wawili. Akauliza ni wa nini. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Akaenda akashika mwenyewe wale wakubwa.

Jumapili, 22 Desemba

Mwangi alipeleka jogoo jana. Alimkuta ndugu ya Mama Kevo ameshafika, kamba begani. Mama Kevo aliwapima mkononi mmoja mmoja, akawaita watoto waje waone. Alisema ni mguu mdogo, lakini ni mguu. Akamwambia ndugu yake arudi na kamba yake. Hakutuma salamu.

Huku kumetulia. Njoroge amelala tangu mchana. Makaa amechimba shimo chini ya mgomba na amejilaza humo. Tutarudi Ruiru Januari, wote watano. Mama Kevo sijui atanisalimia. Mimi nitamsalimia.

Mwangi anapitia nyumbani kesho. Vitu ambavyo bado nataka aniletee: nepi mbili zilizobaki kwenye kamba. Sweta ya Wanjiku, ile ya kijani. Mche mmoja wa sabuni. Na blanketi la nne la Baba Shiru, lile lililokojolewa, sikuwahi kulifikia. Nitalifua huku.