Mkono wa Baba na Mashine ya Upepo

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, maana mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Sumbawanga na jambo lenyewe ni la mafundi, lakini linanitoa machozi. Baba yangu, mzee Tadei, anaondoa mikwaruzo na kung'arisha rangi za magari pale Majengo, na tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia umelegea, hawezi kuinua mashine ya umeme ya kung'arishia aliyonunua kaka Flavian, kwa hiyo anatumia ile inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa kwa sababu ni nyepesi, ila kompresa yetu ni ndogo, upepo unaisha kabla hajamaliza mlango mmoja, anasubiri ijae, anaanza tena, na rangi inabaki na ukungu. Juzi mteja alimwambia mbele za watu, "Mzee, umepiga polishi au umepaka uji wa ulezi?" Baba alicheka nao, kisha akaenda kukaa nyuma ya gari peke yake.

Kaka anataka kuuza kompresa. Baba anamjibu, "Iuze, na mimi uniuze pamoja nayo." Sasa wamesema niamue mimi kwa kuwa ninasoma. Nikichagua umeme, nitakuwa nimemwambia baba kwamba mkono wake umekwisha. Naona aibu kusema, lakini Jumapili kanisani nilimwomba Mungu kompresa iharibike yenyewe.

Evodia

Evodia mwanangu, marahaba, na pole. Futa machozi, kisha nikukaripie: usimtume Mungu kazi ya ulimi wako. Na hao wakubwa wamekosea kukutwika mzigo huo.

Kuhusu mashine, kaka yako anasema kweli. Ya upepo inataka kompresa kubwa isiyochoka, nayo hamna. Milango na boneti ni kazi ya umeme, na ashike Flavian. Lakini kompresa isiuzwe. Kwenye kingo na pembe za gari, mashine nzito ya umeme huunguza rangi upesi. Pale ni padogo, upepo mchache unatosha, na mkono wa baba yako unatosha. Tena gari lisiondoke kabla yeye hajalikagua juani. Macho yake hayakupooza.

Usimdanganye kwamba nguvu zitarudi. Huenda zisirudi. Keti naye, umshike mkono huohuo uliolegea, useme, "Baba, milango mwachie Flavian."

Atataka kuuvuta mkono wake. Wewe usiuachie.