Jatani Naye Ana Meno

Jumatatu, 3 Februari 2025
Pampu ya kisima imekufa. Kiangazi hiki! Ngamia wamejazana hadi barabara ya Wajir, wanalia. Waya wa sola umekatika chini ya paneli. Abti Salah — mjomba wangu, mwenyekiti wa kamati ya maji, ninayekaa kwake — ameukagua kwa mbali, mikono nyuma, akatoa hukumu: kisu. Wenye malori ya maji wamemlipa mtu. Basi.

Jumanne, 4 Februari
Nimepita kisimani baada ya vipindi. Kisu gani? Waya umegugunwa! Alama za meno, ndogo ndogo. Na palepale kuna shimo la kindi, vipande vya plastiki vimetapakaa mlangoni. Jatani, mlinzi, Mborana, anasema huwafukuza kwa mawe mchana kutwa. "Mwalimu, hii kindi hapana shiba." Nikamweleza kama ninavyowaeleza kidato cha pili: si njaa. Meno yao ya mbele hayaachi kukua. Kindi asipoguguna vitu vigumu yanarefuka mpaka mdomo haufungi, anakufa na chakula mbele yake. Mbegu, mfupa, waya — kwake vyote ni tupa ya kusugulia meno.
Jatani akacheka. "Kumbe hana ubaya na sisi!"

Alhamisi, 6 Februari
Nilimwekea Abti kipande cha waya kando ya chai. Nikamweleza habari za kindi na meno. Akakigeuza, akakirudisha mezani.
"Jatani naye ana meno."
Shamso, mkewe, akakohoa kuficha kicheko. Ndipo nikaelewa. Mwaka jana fundi alisisitiza nyaya zipitishwe ndani ya bomba la chuma, zifukiwe. Abti ndiye aliyesema hakuna haja. Sasa kukiwa na kindi, kuna maswali. Kukiwa na mhalifu, hakuna.
Nilikuwa na jibu zuri sana. Nikamwongezea chai.

Ijumaa, 7 Februari
Baada ya swala polisi wamemchukua Jatani. Hakubisha. Alivaa viatu polepole, akamkabidhi Abti ufunguo wa lango kwa mikono miwili.
Mke wa Jatani, Gumato, alikuja kwangu. Hakulia. "Wewe si ulisema ni mnyama? Basi sema mahali watu wanasikia. Hapa unasema na mimi tu."
Jioni fundi ameunga waya. Maji yanatoka, na Abti anapokea pongezi: mhalifu kashikwa, maji yamerudi. Ushahidi gani tena!

Jumapili, 9 Februari
Imekufa tena! Waya uleule. Na Jatani yuko selo! Asubuhi nzima nilikuwa nangoja kuona Abti atasema nini. Adhuhuri kasema:
"Unaona? Ana wenzake."
Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Huko shimoni, nadhani, wenzake hawana habari.

Jumatatu, 10 Februari
Naandika ndani ya gari, nje ya kituo cha polisi. Abti amekuja kutoa taarifa kuhusu kundi la Jatani. Kutoka kindi hadi kundi — herufi moja tu! Ruhusa yangu ameiomba mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Mkuu wa kituo ni mtu wa Kisii, mgeni, hajui Kisomali. Kiswahili cha Abti kinaishia kwenye salamu na bei ya mbuzi. Kwa hiyo mkalimani ni mimi.
"Utasema ninavyosema," ameniambia njiani. "Usiongeze masomo."
Nikasema haya, Abti. Huwa nasema hivyo.
Jatani anafagia uwanja wa kituo, miguu mitupu. Ameniona. Ameacha kufagia.
Abti tayari yuko mlangoni na mkuu wa kituo. Yule anamuuliza kitu. Abti anatabasamu, hajaelewa hata neno. Anageuka, ananyoosha kidole kwenye gari, kwangu —