Lesi au Uso

Jumapili, jioni. Upepo wa kiangazi umeleta vumbi Mtendeni nzima, hapa Tabora mjini, nimefunga dirisha, chai imepoa, na nina hasira. Sitajifanya sina.

Asubuhi nilipanda basi la Nzega nikashuka Puge, kupiga picha ya watoto waliopokea komunyo ya kwanza. Picha moja kubwa ya pamoja, ya kutundikwa kwenye ukumbi wa kanisa, na kila mzazi apate nakala yake. Wavulana mashati meupe, wasichana magauni meupe yenye lesi kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Magauni yote kayashona Mama Sesilia, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Kashona vizuri, hilo simnyimi.

Nikawapanga kivulini, ubavuni mwa kanisa, maana juani wangekunja nyuso. Msichana mmoja, Leokadia, mweusi wa kung'aa, alikwenda mwenyewe kusimama mwisho kabisa, nusu mwili nyuma ya mwenzake. Nikamwita katikati. Mama yake akanisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, "Dada, huyu picha huwa hazimkubali. Mwache hukohuko, asije akawaharibia wenzake." Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniumiza.

Maana huyo ni mimi.

Nyumbani kwetu Sikonge, sebuleni, kuna picha ya komunyo yangu. Magauni yanaonekana hadi vifungo. Mimi naonekana meno. Mgeni akiuliza mimi ni yupi, kaka yangu hujibu, "Huyo mwenye meno," nyumba nzima inacheka, na mimi nacheka nao. Nimecheka hivyo miaka na miaka huku nikiamini kwamba uso wangu una kasoro, na kamera ndiyo iliyoigundua.

Kisha nikajifunza kazi hii na hesabu yake. Kamera ukiiacha ijiamulie haijui gauni wala mtoto, inajua wastani wa mwanga tu. Ikiona weupe umejaa mbele yake inadhani mwanga umezidi, inaubana. Gauni linatoka zuri, uso mweusi unazama. Siku niliyoelewa hivyo nilikaa chini nikalia, tena kwa hasira. Kumbe uso wangu haukuwa na kosa lolote. Mpiga picha hakupiga hesabu.

Leo picha ya kwanza niliiacha kamera ijiamulie, nione itasemaje. ISO 200, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, tundu la lenzi 8, yenyewe ikachagua kasi ya 1/500 ya sekunde. Nami nikapiga yangu kichwani. Jua la Tabora wakati wa kiangazi halina utata: tundu 16, maana namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, na kasi iwe karibu sawa na ISO, yaani 1/250. Kivuli kile kilitaka hatua tatu zaidi, na kila hatua ni mwanga mara mbili. Tundu kutoka 16 kwenda 11, moja. Kutoka 11 kwenda 8, mbili. Kasi kushuka kutoka 1/250 hadi 1/125, tatu. Basi ni 1/125, siyo 1/500. Kamera ilikuwa inampa Leokadia robo tu ya mwanga wake.

Robo.

Nikaweka 1/125 kwa mkono wangu, Leokadia akiwa katikati, nikapiga ya pili.

Kuna gharama, sikatai. Mshika mbili moja humponyoka. Kwenye picha ya pili lesi imepotea, vifua vyote vimekuwa vyeupe vitupu. Lakini nyuso zote zipo. Nilimwonyesha Leokadia kwenye kioo cha kamera. Akatazama, kisha akaweka kidole chini ya jicho lake la pichani. "Kidoti changu kinaonekana," akasema. Mama yake akaja, akatazama, akatazama tena. Akaanza kumfunga mtoto upya utepe wa nywele, ingawa haukuwa umelegea.

Mama Sesilia yeye alilalamika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye kioo. "Lesi iko wapi, mwanangu? Nimeumiza mgongo kwenye cherehani, halafu unaniletea mashuka?" Nikamweleza. Akarudi kwenye ile ya kwanza na kuishika kamera kwa mikono miwili. "Hii ndiyo picha," akasema. Sasa ametuma ujumbe kwenye grupu la wazazi: kamati imechagua ya kwanza, na kama siwezi kuitoa, kipaimara watamwita mtu mwingine. Mama Leokadia ameusoma.

Sitaki kumdharau Mama Sesilia. Ule mgongo ni wake na lesi ni kazi yake, nami najua uchungu wa kazi yako kutoonekana. Kwa ajili yake nimekaa kwenye kompyuta tangu nirudi, nikijaribu kuuvuta uso wa Leokadia kutoka kwenye picha ya kwanza. Umetoka na chengachenga, rangi ya majivu, kama mtu aliyeamka kutoka homa. Kidoti hakipo. Nimejaribu na ya pili, kuirudisha lesi. Imerudi kidogo kwenye mikono na mapindo, basi.

Kwa hiyo ni lesi au uso, na mimi nimeshachagua. Nimewajibu kwenye grupu, kwa heshima zote, kwamba ya kwanza nimeifuta. Na kweli nimeifuta, kabla sijaandika, nisije nikapata woga nikaanza kubembelezana nao. Waseme nina kiburi. Kipaimara wamwite wanayemtaka, liwalo na liwe. Lesi ya Mama Sesilia ipo kwenye masanduku ya nguo pale Puge, anayetaka kuiona atafunua sanduku. Uso wa Leokadia wa leo hautakuwepo tena popote isipokuwa hapa.

Bado naogopa kidogo, nisikudanganye. Lakini kesho asubuhi ile ya pili naipeleka kuchapishwa, ukubwa uleule tuliokubaliana. Mgeni akiuliza Leokadia ni yupi, wamwambie ni yule mwenye kidoti.