Mama Mkwe Alivyonitembeza Wodini

Iringo, Musoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako umeacha kuvimba? Hapo Kibara mvua imefika, au pamba bado inangoja? Mimi nimepona, ndiyo maana naandika kwa mkono wangu, ila kichwani bado sijaelewa yaliyonipata.

Utumbo ulijisokota, wakanipasua. Siku hizi madukani kila kitu kipo, lakini uzi wa kushonea kidonda hospitalini tulijinunulia wenyewe. Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa amejifungua, hivyo aliyekuja kuniuguza ni mama yake, wa Butiama. Unajua na wakwe tunavyokwepanaga. Alikaa amenipa mgongo.

Tumbo likajaa kama ngoma, kimya. Kaka akaniletea ujumbe wako kwamba nisiinuke, nyuzi zisikatike. Nesi naye akasema niinuke, kulala tu kunalaza na utumbo. Nikabaki sijui nimsikilize nani. Chakula nilinyimwa, nikapewa maji ya kulowesha midomo tu. Kila asubuhi nesi ananiuliza mbele ya mama mkwe kama nimetoa upepo. Nageukia ukutani. Mwishowe daktari akasema tumbo lisipofunguka, nitapasuliwa tena.

Hapo mama mkwe akasimama. Kunishika hawezi, ni mwiko, basi akashika ncha ya fimbo yake, akaninyooshea ncha nyingine. Mkono wa pili nikabana mto juu ya kidonda. Tukaenda polepole, tukapumzika, tukaenda tena, yeye mbele bila kugeuka. Maumivu, acha tu. Karibu na mlango upepo ukanitoka, Mama, kwa kishindo, wodi nzima ikasikia.

Akasimama, bado amenipa mgongo. Akasema, "Mungu ashukuriwe. Leo utakunywa uji, mwanangu."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nikalia palepale, na sijui kama kulia mbele ya mkwe kunaruhusiwa.

Uji nilikunywa, sasa nakula hata ugali kwa sato. Lakini niambie: mama mkwe nimpe mbuzi wa kuomba radhi kwa kishindo kile, au wa shukrani? Jirani anasema wa radhi. Mke wangu anacheka tu. Mama mkwe mwenyewe amerudia kunipa mgongo, sijui amekasirika au ndivyo alivyo.

Nisalimie shangazi, na kaka avuaye dagaa. Nijibu haraka, kabla mama mkwe hajarudi Butiama.

Mwanao,
Magesa